Somo: Namna ya kuiga nyumbani chakula kilichokukonga roho mgahawani

Wakuu, kuna mchuzi wa vitunguu niliwahi kuula mgahawani, umemwagwa juu ya kipande cha nyama, ukanisumbua kwa miezi. Ilikuwa kama jina la mtu unayemfahamu vizuri, liko mdomoni lakini halitoki. Nikaupika nyumbani mara sita. Mara ya kwanza nilitia viungo vinane. Mara ya nne vikafika kumi na moja, na jikoni pakanuka kama kabati la dawa. Mara ya sita, kwa hasira, nikatoa vyote nikabakiza chumvi na pilipili manga. Hapo ndipo ukaanza kufanana na ule wenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: usikimbilie kiungo cha siri kabla hujachunguza moto, maji, chumvi na muda. Nitatumia mchuzi huohuo kama mfano, ila njia ni ileile kwa chakula chochote.

Hatua ya 1: Kula kipelelezi

Kabla ya kuonja, angalia. Mafuta yameelea juu au yamechanganyika na mchuzi? Ukipitisha kijiko katikati ya sahani, njia inabaki au mchuzi unarudi kuifunika? Rangi ni kahawia ya kukaangwa au wekundu wa nyanya? Ukishajibu hayo matatu, tayari unajua mengi kuhusu mapishi yake.

Kisha bana pua. Ndiyo, hapohapo mezani, mwambie mwenzako una mafua. Onja mchuzi peke yake bila nyama. Pua ikiwa imebanwa, unachobaki nacho ni kazi ya ulimi tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha ya tano ya kunoga ambayo mkemia wa Japani, Kikunae Ikeda, aliipa jina la umami mwaka 1908 baada ya kupata chanzo chake kwenye supu ya mwani. Sasa achia pua. Kinachoingia ghafla ni harufu, na hapo ndipo viungo vinapojitaja. Wengi wetu huchanganya mambo haya mawili. Tunasema "kuna kiungo sikijui humu" kumbe ni siki tu.

Amini vijiko vitatu vya mwanzo. Baada ya hapo pua inazoea na kila kitu kinaanza kufanana. Andika kwenye simu kabla hujaondoka, maana ukifika nyumbani utakuwa unakumbuka furaha, si ladha.

Mhudumu naye ni msaada, ila usimwombe namna ya kupika, atatabasamu tu. Muulize swali dogo lenye majibu mawili: vitunguu hivi vimekaangwa kwa siagi au kwa mafuta? Swali la namna hiyo atalipeleka jikoni na kurudi na jibu. Usizidishe, lakini. Siku moja niliuliza manne mfululizo, mpishi akatoka mwenyewe na aproni yake, uso umekunjamana, kuniuliza kama nina mzio.

Hatua ya 2: Chagua kitu kimoja

Usiige sahani nzima. Mimi nilichagua mchuzi. Viazi vya pembeni nikavisamehe.

Hatua ya 3: Nyama iwe kavu, kikaango kiwe cha moto

Chumvi kwanza. Kipimo changu ni gramu 5 kwa nusu kilo ya nyama, yaani karibu kijiko cha chai cha chumvi laini, kisichojaa sana. Ipake angalau dakika 40 kabla ya kukaanga, au ipake sekunde ya mwisho kabisa. Ukiipaka dakika kumi kabla, utaikuta nyama imelowa, kwa sababu chumvi imeshavuta maji nje na bado hayajapata muda wa kurudi ndani.

Halafu ikaushe kwa karatasi ya jikoni hadi karatasi isilowe tena. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, na nyama haianzi kugeuka kahawia kwa kasi hadi uso wake ufike nyuzi 140 hivi. Maadamu kuna maji juu ya nyama, moto wote unaishia kuyafukuza, na nyama inabaki ya kijivu. Mabadiliko hayo ya rangi na harufu yana jina la Mfaransa, Louis Camille Maillard, aliyeyaeleza mwaka 1912. Jina unaweza kulisahau, nyuzi usizisahau.

Kama huna kipimajoto, tumia masikio. Nyama ikigusa kikaango inatakiwa ipige kelele kavu, kali, isiyokatika. Kelele ikigeuka kuwa ya kububujika, ujue umeshaacha kukaanga, sasa unachemsha. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kipande na kipande, na usiviguseguse. Kikishakaangika vizuri, chenyewe kinaachia.

Hatua ya 4: Vitunguu, na hapa ndipo penye kazi

Karibu kila maelekezo niliyosoma yanasema "kaanga vitunguu dakika kumi hadi viwe kahawia". Si kweli. Dakika kumi zinatosha kuvilainisha tu. Vitunguu vinne vikubwa, kama gramu 600, vinachukua dakika 40 hadi 50 kwenye moto mdogo, na mwisho wake vinajaa kikombe kimoja au pungufu. Mara zangu tano za mwanzo zilikufa hapa, nikidhani tatizo ni viungo.

Kata vyembamba, tia siagi na mafuta kidogo, nyunyiza chumvi, funika dakika kumi za mwanzo ili vitoe jasho. Funua. Vitakuwa vinang'aa kama kioo na harufu bado inawasha. Kufikia dakika ya 20 ukali umeondoka na rangi imekuwa ya majani makavu. Karibu na dakika ya 25 angalia sakafu ya kikaango, sio vitunguu: utaona utando wa kahawia umeanza kushika. Huo ndio ukoko tunaoutaka. Mimina kijiko kimoja cha maji, ukwangue kwa mwiko wa mti, uache uingie ndani ya vitunguu. Maji yatakauka, utando utashika tena, utakwangua tena. Fanya hivyo mara tatu au nne. Kila ukikwangua, rangi inazidi kukolea, na utamu ambao haukutoka kwenye sukari yoyote unazidi kujitokeza.

Ukoko ukiwa mweusi na moshi wake unachoma macho, umeunguza. Usijaribu kuuokoa, uchungu ule hautoki.

Wenye haraka hutia magadi soda kiasi cha ncha ya kisu. Inafanya kazi kweli, rangi inakuja mapema, ila vitunguu vinarojeka. Kwa mchuzi sawa. Kwa vitunguu vya kuweka juu ya mkate, hapana.

Hatua ya 5: Kukwangua na kumalizia

Toa nyama, mwaga mafuta yaliyozidi, tia nusu kikombe cha supu au maji kwenye kikaango kilekile cha nyama na ukwangue kila kilichoganda chini. Ongeza vitunguu. Acha mchuzi upungue hadi kijiko kiache njia. Zima moto, tia kipande cha siagi baridi na uzungushe kikaango hadi iyeyuke na mchuzi ung'ae. Ukiuchemsha baada ya hapo, siagi itajitenga na mafuta yataelea.

Chumvi ya mchuzi onja sasa, si mapema. Ule uliokuwa na chumvi ya kutosha ukiwa mwingi utakuwa mkali ukishapungua. Mwisho kabisa, matone machache ya siki.

Hatua ya 6: Linganisha

Badili kitu kimoja tu kila jaribio na ukiandike. Ukibadili viwili ukapata kitamu, hujui umshukuru nani.

Jaribio langu la saba nililitia kwenye kichupa nikarudi nalo mgahawani, nikawa naonja huku na kule chini ya meza. Mhudumu aliniona. Hakusema kitu, alileta leso ya ziada. Wao walikuwa na siki zaidi yangu, karibu mara mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimekausha nyama kama ulivyosema lakini bado inatoa maji kama bomba. Nakosea wapi?

Jibu: Ilitoka kwenye friza? Nyama iliyoganda hupoteza maji mengi ikiyeyuka, hivyo iyeyushe usiku kucha ndani ya friji, uyamwage hayo maji, ndipo uikaushe. Sababu ya pili ni kujaza kikaango. Maji yakishatoka kwenye kikaango, usiendelee kusubiri. Toa nyama, mimina yale maji kwenye kikombe, yatafaa kwenye mchuzi, pasha kikaango upya, kaanga nusu nusu.

Swali: Chumvi ikizidi, si unatupia kiazi kinainyonya?

Jibu: Kiazi kinanyonya mchuzi, na chumvi iliyomo ndani yake. Hakichagui chumvi peke yake. Kilichobaki kwenye sufuria kina ukali uleule, ila sasa ni kidogo. Dawa ni kuongeza mchuzi usio na chumvi. Uchachu kidogo unaweza kuuficha ukali, hauuondoi.

Swali: Na pilipili ikizidi? Juzi nilikunywa maji jagi zima, wapi.

Jibu: Pole sana dada. Kinachowasha kwenye pilipili hakiyeyuki vizuri kwenye maji, kinayeyuka kwenye mafuta. Kunywa maziwa. Kwenye chungu tia krimu au mtindi, mtindi uingie moto ukiwa umeshapoa, la sivyo utakatika.

Swali: Kaka tuwe wakweli. Migahawa inatia ule unga mweupe wa kuongeza ladha, hayo mengine ni hadithi.

Jibu: Baadhi inatia, na mimi kwangu ninao. Ni chumvi ya kitu kilekile alichokipata Ikeda, na nyanya mbivu, uyoga na jibini iliyokaa muda mrefu vinacho kiasili. Nilikuwa nao pia kwenye jaribio la pili na la tatu. Vitunguu vya dakika kumi vilibaki kuwa vitunguu vya dakika kumi, vilivyonoga kidogo.

Swali: Naweza kutumia kuku badala ya nyama nyekundu? Naogopa nje kuwa kahawia na ndani mbichi.

Jibu: Unaweza. Kaanga upande wa ngozi hadi uachie wenyewe, kisha malizia moto mdogo umefunika. Kuku hatuendi kwa rangi wala kwa kubahatisha: sehemu nene kabisa ifike nyuzi 74. Kipimajoto cha jikoni ndicho kifaa pekee nitakachokushawishi ununue.

Swali: Mwalimu, kwa upelelezi wote huu, ukienda kula nje bado unafurahia kweli?

Jibu: Vijiko vitatu vya mwanzo ni kazi. Cha nne naweka simu mfukoni. Mke wangu anahesabu.