Jinsi ya kufaidi riwaya nyepesi ya mapenzi ya Krismasi, hasa zile za mgahawani

Kuna riwaya ambazo kila mwisho wa mwaka zinamwagika Uingereza na Marekani, jalada lina theluji na taa za rangi, mdada kavaa aproni, mkaka kakunja mikono kanuna, ukigeuza nyuma unakuta mgahawa una madeni na Januari unafungwa. Hata hujafungua umeshajua watapendana. Wengi wetu tunaishia hapo hapo, sasa nisome nini na mwisho naujua?

Basi anzia hapo hapo. Kitabu cha hivi hakisomwi kutafuta mwisho. Mills & Boon, kampuni ya kuchapisha vitabu, ilianzishwa London mwaka 1908, baadae ikajikita kwenye mapenzi, na biashara hii yote inasimama juu ya ahadi moja tu kwamba hawa wawili watakuwa pamoja. Wewe unasoma njia: nani atalainika kwanza, atalainishwa na nini, na mwandishi atawachelewesha kwa kisingizio gani.

Visingizio ndo utamu wenyewe. Mfano London tarehe 25 Desemba treni za chini ya ardhi hazitembei kabisa na mabasi ya mjini nayo yanalala, kwahiyo mwandishi akitaka wakwame pamoja mkesha wa Krismasi wala hahitaji kutunga uongo, anawaachia vyombo vya kuosha mpaka treni ya mwisho inaondoka. Ukishalijua hilo unajikuta unaangalia saa ya ukutani kabla hata wao hawajaiangalia. Na giza pia, Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni, kwahiyo ukisoma wametoka gizani kununua vitunguu usidhani ni usiku wa manane. Theluji yenyewe sasa, London kuanguka siku ya Krismasi ni nadra sana ila vitabuni haijawahi kukosa, we iache tu ianguke.

Cha pili ni kuzielewa ngazi za jikoni, maana bila hizo unapitwa na nusu ya mapenzi. Jikoni kwa wazungu kunaendeshwa kama jeshi: mpishi mkuu, msaidizi wake, wa sosi, wa nyama, wa keki, mpaka muosha vyombo, mpangilio aliousuka Mfaransa Auguste Escoffier mwishoni mwa karne ya 19, na shefu akisema kitu jibu ni ndiyo shefu, basi. Sasa chukulia shefu ambaye tangu mwanzo hataki mtu asogelee sufuria yake, halafu usiku mmoja wateja wameisha anachota sosi, anaipuliza, anampelekea weita mdomoni, "onja, chumvi imetosha?" Weita anasema inataka ndimu. Shefu ananyamaza, anakata ndimu, anakamulia. Jamani! Hapo hakuna aliyebusiwa lakini kazi imeisha, na ukiwa unasoma mbio mbio unapita kama vile wameongelea ndimu. Kwahiyo sehemu za jikoni soma taratibu, sehemu za mikutano ya benki pitia juu juu, hakuna atakayekuuliza.

Wakianza kulia kuhusu nyota ya Michelin usishangae. Ni ile ile kampuni ya matairi, ilianza kutoa kitabu cha mwongozo mwaka 1900 kwa wenye magari, nyota za migahawa zikaanza 1926, na kiwango cha juu ni nyota tatu. Mgeni anayekula peke yake anauliza maswali mengi lazima ashukiwe kuwa mkaguzi, na mara nyingi siye.

Msosi wa Krismasi wa Waingereza nao ujue kidogo. Bata mzinga ndo mfalme, ila wa kumwangalia ni pudini, lile dude jeusi la matunda makavu linalopikwa wiki kadhaa kabla, siku yenyewe linamwagiwa brandi na kuwashwa moto mezani. Zamani walikuwa wanaficha sarafu ndani. Sasa wewe ukiona pete imepotea katikati ya kitabu, macho kwenye pudini. Na likitundikwa tawi la misleto juu ya mlango wa jikoni, mila yao wanaokutana chini yake wanabusiana, na mlango huo shefu na weita wanapishana siku nzima, unaona mambo hayo.

Usisome na njaa, utateseka. Weka chai ya tangawizi na vitumbua pembeni, feni iwe inakupepea, kranberi, vile vitunda vyao vyekundu, achana navyo. Kama una dada au shoga anayesoma kitabu hicho hicho mtumiane voisi, wekeaneni dau nani ataomba msamaha kwanza.

Ukifika kama robo tatu watagombana, hiyo haikwepeki, mmoja kasikia nusu ya simu akadhani mgahawa unauzwa wakati angeuliza tu kitabu kingeisha. Tukana kwa sauti, ila usilale hapo, sukuma sura mbili mbele ndo uzime taa.

Kitu kimoja tu mimi sivumilii, shefu anayemdhalilisha muosha vyombo halafu mwandishi anataka tuone ni uanaume. Huyo kitabu chake kirudishe, vipo vingine kibao.

Vingi vina mapishi kurasa za mwisho, jaribu biskuti. Kama kitabu ni cha Marekani kikombe chao ni kama mililita 240, na joto wanaandika kwa Fahrenheit, yaani 350 yao ni kama 180 kwenye oveni yako, usije ukahangaika kuitafuta 350 kwenye kitufe ambacho kinaishia 250.