Kupima kifo cha seli kwa aneksini V
Aneksini V, protini ya binadamu inayozalishwa ndani ya bakteria, hushika fosfatidilserini, mafuta ambayo seli inayoanza kufa huyatoa upande wa ndani wa utando na kuyaweka nje. Bila kalisi haishiki kabisa, na hapo ndipo wengi hukwama: mabaki ya EDTA, kemikali inayonasa kalisi, yanatosha kuzima mng'ao wa rangi iliyofungwa kwenye aneksini. Kwa hiyo osha seli mara mbili, taratibu, kisha zitie kwenye bafa (mmumunyo wa kuzitunza) ya pH 7.4 yenye milimola 10 za HEPES (kemikali inayoshikilia pH hiyo), 140 za chumvi na 2.5 za kloridi ya kalisi kwa lita. Kwa seli 100,000 katika mikrolita 100, weka mikrolita 5 za aneksini yenye rangi na 5 za propidiamu iodidi, rangi inayoingia tu kwenye seli zenye utando uliochanika. Dakika 15 gizani. Ongeza bafa mikrolita 400, usome mng'ao ndani ya saa moja. Tripsini, kimeng'enya cha kubandua seli kwenye chombo, ikizidi, utando huchanika na seli zilizokuwa hai huonekana zimekufa.