Jinsi ya kufuatilia historia ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam bila kuchanganya halmashauri nne zenye jina moja

Ukikuta waraka wenye kichwa "Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam", tazama tarehe kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Tangu uhuru jina hilo limebebwa na vyombo vinne tofauti, na katikati kuna vipindi viwili ambavyo hapakuwa na halmashauri ya jiji kabisa. Anayefuata jina peke yake huishia kuandika kwamba Jiji lilipoteza zaidi ya nusu ya wakazi wake ndani ya miaka kumi, au hutafuta Jijini faili ambalo miaka yote limekaa Ilala. Vitu vya kufuata ni viwili: eneo lililotawaliwa, na sheria au tangazo lililokiunda chombo chenyewe.

Kwanza, weka waraka kwenye kipindi chake

Dar es Salaam ilikuwa manispaa tangu 1949. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa meya wake wa kwanza Mwafrika, mwaka 1960, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 1961. Halmashauri hiyo ya kwanza iliondolewa na sera ya Madaraka Mikoani, iliyoanza 1972 na kufuta serikali za mitaa nchi nzima: zilianza za wilaya, za miji zikafuata. Mwaka 1974 mkoa uligawanywa katika wilaya tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke. Kwa hiyo barua ya 1976 kuhusu mifereji au masoko usiitafute kwenye mafaili ya Jiji; itafute kwenye ya mkoa na wilaya.

Huduma za miji zilizorota, kipindupindu kikazuka, na mwaka 1978 halmashauri za miji zikarudishwa kwa sheria ya mpito. Mwaka 1982 zikatungwa sheria ambazo ndizo msingi hadi leo: Na. 7 ya mamlaka za wilaya, Na. 8 ya mamlaka za miji na Na. 9 ya fedha za serikali za mitaa. Wengi hujikwaa hapa. Baada ya sheria za nchi kupangwa upya, hizo tatu zinatajwa kama Sura ya 287, 288 na 290. Waraka mmoja ukisema "Sheria Na. 8 ya 1982" na mwingine "Sura ya 288", ni sheria ileile, usidhani kulikuwa na mageuzi katikati.

Juni 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliivunja halmashauri hiyo ya pili, na kazi zake zikashikwa na Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume iliteuliwa, haikuchaguliwa, kwa hiyo usipoteze siku kutafuta mihtasari ya baraza la madiwani ya 1997 au 1998. Tafuta maamuzi ya Tume.

Kipindi kinachosumbua kuliko vyote ni cha tatu, 2000 hadi 2021. Tume ilipomaliza kazi ziliundwa manispaa tatu, Kinondoni, Ilala na Temeke, na juu yake ikawekwa Halmashauri ya Jiji. Jiji hili halikuwa na kata zake lenyewe. Kata zote zilikuwa ndani ya manispaa, na baraza lake lilipata wajumbe kutoka humo. Lilishika mambo yanayovuka mipaka ya manispaa, kama dampo la Pugu Kinyamwezi na kituo cha mabasi ya mikoani cha Ubungo. Leseni ya duka la Kariakoo ya 2008 ni ya Ilala. Kibali cha ujenzi cha Mikocheni cha mwaka huohuo ni cha Kinondoni. Mtu anayekuambia "nilikata leseni Jiji" huenda anasema kwa mazoea tu, maana mitaani neno hilo lilitumika kwa ofisi yoyote yenye mgambo.

Kati ya 2015 na 2016 Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke, manispaa zikawa tano. Kisha tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli alitangaza kuivunja Halmashauri ya Jiji na kuipandisha Manispaa ya Ilala kuwa Jiji la Dar es Salaam. Tangu hapo "Jiji" katika maana ya halmashauri ni eneo lililokuwa Ilala. Kinondoni, Ubungo, Temeke na Kigamboni zimo mkoani Dar es Salaam, lakini haziko chini ya Jiji hilo. Wilaya nayo bado inaitwa Ilala, kwa hiyo usishangae kukuta mkuu wa wilaya wa Ilala na mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam wakihudumia eneo lilelile.

Tamko si Tangazo

Mabadiliko ya halmashauri husikika kwanza kwenye hotuba, na magazeti huandika tarehe hiyo. Nguvu ya kisheria hutoka kwenye Tangazo la Serikali, lile ambalo watu wa masjala huliita GN, linalochapishwa katika Gazeti la Serikali. Halafu kuna siku ambayo ofisi mpya inaanza kazi kweli, ikiwa na mkurugenzi, akaunti ya benki na mhuri. Chora jedwali lenye safu tatu: tamko, Tangazo, kuanza kazi. Safu ikiwa tupu iache tupu; ukiijaza kwa tarehe ya jirani yake, kosa hilo litanakiliwa na kila atakayekusoma. Tofauti ya tarehe kati ya vyanzo viwili mara nyingi si ubishi, ni kwamba kila kimoja kimetaja safu tofauti.

Ukipata Tangazo, nakili namba, mwaka na jedwali la kata lililoambatishwa. Orodha ya kata inafaa kuliko ramani, kwa sababu inahesabika. Kinondoni ya kabla ya mgawanyo ilikuwa na kata 34. Baada yake Kinondoni ilibaki na 20 na Ubungo ikachukua 14. Hesabu ikikataa kufunga, kuna kata iliyogawanywa au iliyobadili jina, na hiyo inabidi uifuatilie peke yake.

Kulinganisha idadi ya watu

Makosa mengi yaliyochapishwa yako hapa. Sensa ya 2012 ilihesabu Kinondoni watu 1,775,049, Ilala 1,220,611 na Temeke 1,368,881, jumla 4,364,541 kwa mkoa. Sensa ya 2022 ilihesabu Jiji la Dar es Salaam 1,649,912, Kinondoni 982,328, Ubungo 1,086,912, Temeke 1,346,674 na Kigamboni 317,902, jumla 5,383,728.

Ukiweka majina kwa majina, Kinondoni inaonekana kupungua kwa karibu watu 800,000. Unganisha kwanza kilichomegwa. Kinondoni na Ubungo pamoja ni 2,069,240, yaani ongezeko la 294,191. Temeke na Kigamboni ni 1,664,576, ongezeko la 295,695. Jiji la 2022 lilinganishe na Ilala ya 2012, siyo na mkoa mzima: ongezeko la 429,301. Mwisho jumlisha maongezeko matatu. Yakitoa 1,019,187, sawa na tofauti ya jumla mbili za mkoa, umeunganisha vizuri.

Mali, madeni na hesabu

Halmashauri ikivunjwa, ardhi, magari, hisa, kesi mahakamani na madeni ya wazabuni lazima viende kwa mtu. Usikisie kwamba vyote vimekwenda kwa aliyerithi jina. Anza na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu serikali za mitaa. Mwaka wa fedha unaishia Juni 30, kwa hiyo halmashauri iliyovunjwa Februari 2021 iliachia mwaka wa 2020/21 njiani: soma ripoti ya mwaka uliotangulia, ya mwaka huo na ya ule uliofuata, ukitazama salio la mwisho la moja na salio la kuanzia la nyingine. Kwa hisa, kama zile za benki ya DCB ambayo halmashauri za Dar es Salaam zilishiriki kuianzisha, angalia orodha ya wanahisa kwenye taarifa za mwaka za kampuni yenyewe.

Mahali pa kutafuta karatasi

Nyaraka za zamani ziko Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Sheria Na. 3 ya 2002 inaziweka wazi baada ya miaka 30, hivyo faili la 1985 linaombeka, la 2005 bado. Hilo la pili liulizie kwenye masjala ya halmashauri husika. Nenda na "Kumb. Na." ya barua uliyo nayo, si mada peke yake, maana mafaili hupangwa kwa namba. Taarifa Rasmi za majadiliano ya Bunge husaidia kujua sababu zilizotolewa wakati huo. Tahadhari moja kuhusu picha: maelezo yanayosema "kikao, Ukumbi wa Karimjee" hayathibitishi kwamba ni kikao cha madiwani, kwa sababu Bunge nalo lilikutana humo.

Njia hii inafaa pia kwa Dodoma, ila kule kuna mtego wa ziada. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoundwa 1973, haikuwa halmashauri, lakini ndiyo iliyogawa viwanja. Ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikahamia manispaa, ambayo nayo ikatangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018. Waraka wa kiwanja cha Dodoma wa 2010 utafute kwa namba za CDA, hata kama leo faili liko kwenye kabati la Jiji.