Treni Hukatwa Holzkirchen: Kwa Wenzangu wa München Wanaotaka Kupanda Milima

Ukiwa unaishi München na huna gari, Jumamosi yako haina haja ya kuishia Marienplatz ukipigana vikumbo na watalii. Kwa saa moja hivi ya treni unafika Tegernsee au Schliersee, maziwa mawili chini ya milima ya Alpi. Unashuka kituoni, unafuata vibao vya manjano, na baada ya dakika kumi umeshaanza kupanda. Nitakuja huko. Kwanza nikueleze kuhusu treni yenyewe, maana mimi ilinigharimu yuro 120 na aibu mbele ya mjomba wangu.

Treni ile hukatwa.

Pale Hauptbahnhof, kituo kikuu cha München, unaiona ndefu, moja, imesimama kwenye majukwaa ya pembeni upande wa Starnberg (namba 27 hadi 36, jipe muda wa kutembea). Kumbe ni treni tatu zilizoshikanishwa. Ikifika Holzkirchen, kipande kimoja kinaachana na vingine na kwenda Schliersee hadi Bayrischzell. Vilivyobaki vinafika Schaftlach, navyo vinaachana: kimoja Tegernsee, kingine Lenggries. Ndani hakuna mlango wa kukutoa kipande kimoja hadi kingine. Ukikaa mahali pasipo pako, utapelekwa pasipo pako, na dereva wala hajui kama upo.

Sisi tulikuwa watano. Mimi, binamu yangu ambaye alikuja kama au pair, rafiki zake wawili, na Mjomba aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa. Tulikata Bayern-Ticket, ile tiketi ya siku moja ya watu hadi watano, ikawa kwenye simu ya binamu na majina yetu yote yameandikwa. Mpaka hapo kila kitu halali. Jumamosi ya Septemba, jua kali, jukwaa limejaa watu wenye fimbo na mabegi. Milango ilipofunguka binamu na wenzake wakajichomeka wa mbele, mimi na Mjomba tukapata viti nyuma. Nikasema haidhuru, treni si moja? Tutaonana tukishuka.

Holzkirchen treni ikasimama dakika kadhaa. Kipaza sauti kikasema maneno marefu. Nakielewa Kijerumani cha wodini, naweza kumuuliza mgonjwa kama amepata choo, lakini kile cha kwenye spika sikukishika. Tukaondoka. Baada ya kituo kimoja hivi akatokea mkaguzi.

Mjomba, bila wasiwasi wowote, akamwonyesha kidole kule mbele. "Mwambie nauli yetu iko na wale wa mbele."

Nyinyi mnajua alikuwa akifikiria nini. Kwenye matatu unamwambia makanga "nimelipiwa nyuma", makanga anapaza sauti, mtu anainua mkono, mambo yamekwisha. Ndugu zetu wanaokuja kutembea huja na akili hiyo, nasi hatuwarekebishi kwa sababu ya heshima. Nani atamkalisha mjomba wake chini amfundishe kupanda treni? Basi mkalishe. Kwa adabu, na shikamoo yake mpe, lakini mkalishe. Tiketi ya kundi inalifaa kundi likiwa pamoja. Si treni moja tu: behewa moja, mnaonana. Aliye mbali na tiketi hana tiketi.

Nikampigia binamu, akanitumia picha ya tiketi kwa WhatsApp. Mkaguzi aliitazama na kutikisa kichwa. Picha ya tiketi si tiketi, na wenye tiketi wenyewe walikuwa kwenye treni nyingine, wakati huo wanaelekea Tegernsee. Mjomba akaniuliza kwa sauti ya chini kama yule bwana "hawezi kusaidiwa". Nilimshika mkono kabla haujafika mfukoni. Tafadhali waambieni wageni wenu mapema: hapa ukimtolea mtu wa kazi chai, umeacha shida ndogo ukaingia kwenye shida kubwa.

Ikaandikwa karatasi mbili, yuro 60 kila mmoja. Kwenye karatasi inaitwa *erhöhtes Beförderungsentgelt*, yaani nauli iliyoongezwa, jina refu kama treni yenyewe. Niliandika barua ya kujieleza baadaye. Jibu lilikuja la heshima sana, na lilisema lipa.

Msichukulie hili kuwa jambo dogo. Kupanda bila tiketi kwa makusudi ni kosa la jinai Ujerumani, kifungu cha 265a cha sheria yao ya jinai, na adhabu inaweza kufika kifungo cha mwaka mmoja. Mara moja kwa bahati mbaya unalipa unaendelea na maisha. Ukirudia rudia, unajitafutia faili, na mwenye kibali cha kuishi cha kuhuishwa hahitaji faili. Ukiandikiwa, lipa ndani ya muda ulioandikwa, usiiache karatasi juu ya friji.

Kinachotuponza ni kwamba hapa hakuna geti. Ukipanda SGR pale Miritini, Mombasa, unakaguliwa tiketi na kitambulisho kabla hujaiona treni, kwa hiyo ukishaketi moyo umetulia. Wajerumani wameacha milango wazi, unaingia kama sebuleni kwako. Mimi zamani nilisema ni watu wa kuamini wenzao. Siku hizi naona ni kuaminiana kwa aina yake: sheria wameiandika mahali, kuijua ni juu yako, na siku ukikutwa hawapigi kelele wala hawasikilizi hadithi. Yule mkaguzi alikuwa mpole kuliko askari kanzu wote niliowahi kukutana nao, na hakupunguza hata senti.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda: soma skrini iliyo pembeni ya mlango, mlango ule ule unaoingilia wewe, si ule wa mwenzio. Imeandikwa mwisho wa safari wa kipande hicho. Ukisikia *Zugteil*, yaani kipande cha treni, simama usikilize. *Vorderer* ni cha mbele, *hinterer* ni cha nyuma. Usikariri kwamba Tegernsee huwa mbele au nyuma kwa kuwa mara ya mwisho ilikuwa hivyo. Usipoelewa, uliza bibi yeyote mwenye viatu vya mlimani. Hesabu watu wako ndani, si jukwaani. Na treni ikijaa, bora msimame wote mlangoni kuliko kugawana viti. Mchezo huu hauko laini hii peke yake: treni za kwenda Oberstdorf na Lindau nazo huachana Immenstadt.

Bayern-Ticket yenyewe ni rahisi: siku za kazi inaanza saa tatu asubuhi, wikendi toka usiku wa manane, inaisha saa tisa usiku wa kuamkia kesho yake, treni za mkoa tu, ICE, ile treni ya kasi, usiiguse. Majina yaandikwe. Wewe mkazi ukiwa unatoka mara kwa mara, Deutschlandticket, ile tiketi ya mwezi ya Ujerumani nzima, inakufaa zaidi. Ilianza Mei 2023 kwa yuro 49, sasa tangu Januari 2026 ni 63, na kwa kuwa ni ya mtu mmoja, treni ikikupeleka siko utapotea lakini hutatozwa. Tembea na kitambulisho chenye picha. Ukimkatia mgeni wako, kumbuka inajihuisha yenyewe kila mwezi mpaka uifute, na mwisho wa kufuta ni tarehe 10.

Sasa milima. Kutoka kituo cha Tegernsee unapanda Neureuth, mita 1,264, saa moja na nusu kwa mwendo wa kawaida, na juu kuna nyumba ya chakula. Beba pesa taslimu. Kuna njia pia, Prinzenweg, inayovuka mlima kutoka Tegernsee hadi Schliersee. Hiyo ni safari ya nusu siku kwa mwenye magoti. Vibao vina alama ya rangi: bluu nyepesi, nyekundu ya kati, nyeusi mwachie mwenyeji.

Utashangaa jambo moja. Jirani ambaye miaka mitatu kwenye ngazi hajakujibu salamu, mkutane njiani kule juu atakuambia "Grüß Gott" na kukuuliza unatoka wapi. Wana msemo kwamba ukipita mita 1,000 watu wote huitana *du*, ile "wewe" ya marafiki. Sijui kwa nini urafiki wao wanauacha mlimani wanaposhuka.

Mimi na Mjomba siku ile tulijikuta Schliersee, wale wengine Tegernsee, mlima katikati. Magoti yake si ya Prinzenweg, kwa hiyo tulizunguka ziwa, kama kilomita saba, tambarare. Alifurahia ng'ombe wenye kengele na akasema maji yale hayana chumvi ndiyo maana hayana harufu ya kitu. Kisha nikakata tiketi nyingine ya kuturudisha, maana yetu ilikuwa inapanda Neureuth.

Jioni tukakaa Holzkirchen tukisubiri. Ukasikika mgongano mdogo, viti vikatikisika: kipande cha Tegernsee kimefika na kushikanishwa na chetu. Simu yangu ikalia. Binamu: "Mko wapi? Sisi tuko Holzkirchen." Nikamwambia tuko treni moja. Mjomba akainuka aende kuwaona, akafika mwisho wa behewa, akakuta kioo cha dereva na giza. Akarudi akaketi, akaushika mfuko wangu wa tiketi mpaka München.