Mkiikuta je? Jinsi ya kuingia kwenye utafiti wa uchunguzi wa kansa ukiwa Tanga

Siku yangu ya pili kazini nilipelekwa Mabokweni, kitambulisho shingoni, tableti mkononi, najiona tayari mtafiti, nikakaa mkekani na bibi mmoja nikamsomea fomu ya ridhaa ya kupimwa kansa kurasa zote nne bila hata kumeza mate, akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho alafu akasema, "Haya mwanangu nimekusikia, sasa mkiikuta je?" Nikamwambia tutakupa rufaa bibi. "Rufaa ya wapi?" Dar. "Na nauli?" Nikabaki naangalia tableti. "Basi nenda kawaulize waliokutuma, ukipata jibu nipo hapahapa, siendi popote."

Sasa we unayetaka kuifanya hii kazi, hilo swali liwe la kwanza, kabla ya proposali, kabla ya kutafuta hela. Mgonjwa anayekwenda hospitali yeye ndo kamfata daktari, ila kwenye uchunguzi wa kansa ni sisi tunaomfata mtu mzima wa afya yake, anakaanga mihogo au anapaa samaki Sahare, tunamwambia acha hiyo kazi njoo tukupime ugonjwa ambao huusikii. Ukimtia hofu alafu huna pa kumpeleka umemdhulumu. Mwaka 1968 Wilson na Jungner waliiandikia WHO vigezo vya kuangalia kabla hujaanza kuchunguza watu ugonjwa wowote, kwamba uwe tatizo kubwa kweli, uwe na kipindi cha mwanzo unachoweza kuuwahi, kipimo watu wakikubali, na tiba iwepo na ifikike, mpaka leo vinafundishwa vyuoni na mi kila nikivisoma namsikia yule bibi.

Kuhusu kusoma, usiogope kwamba lazima uwe daktari. Nimefanya kazi na manesi, watu wa maabara, mtu wa sosholojia, kijana wa takwimu ambaye damu akiiona anakaa chini, wote watafiti. Kitakachokusogeza ni epidemiolojia, yaani elimu ya magonjwa yanavyotokea na kuenea kwa watu, na takwimu, masta ya afya ya jamii unaipata kwenye vyuo vya MUHAS Dar, KCMC Moshi au CUHAS Mwanza, ila usikae nyumbani unasubiri masta. Anza na ukusanyaji wa data. Hapa mjini kuna kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na Muheza kuna kile cha Amani, vimejulikana miaka na miaka kwa malaria na matende, na vijana wengi wanaona kama sio kansa haiwahusu. Kosa hilo. Kuchagua kaya kwa bahati nasibu, kuchukua ridhaa, kutunza sampuli kwenye ubaridi, kuandika namba ya mshiriki bila kukosea, yote hayo unajifunza kwenye malaria unaenda nayo kwenye kansa. Pata na cheti cha maadili ya utafiti, kuna kozi za mtandaoni za siku mbili tatu, bila hicho hawakugusishi mshiriki.

Ukishaamua ni kansa gani ndo maji yanapozidi unga. Mi nakushauri anza na mlango wa kizazi kwa sababu ndo kansa inayoongoza kwa wanawake wa nchi hii na pia ndo inayozuilika kirahisi kuliko nyingi. Chanzo chake ni kirusi cha HPV, Harald zur Hausen na wenzake Ujerumani walikipata kirusi cha aina ya 16 kwenye uvimbe wa kansa hii mwaka 1983, aina ya 18 mwaka uliofuata, zur Hausen akaja kupewa tuzo ya Nobel 2008, na hizo aina mbili peke yake ndo zinabeba kama asilimia 70 ya kansa zote za mlango wa kizazi. Wengi wanaoambukizwa mwili unakifukuza wenyewe, wachache kinabaki, na mpaka kiwe kansa inapita miaka hata 15 au 20, japo kwa mwenye VVU huenda mbio zaidi na hatari yake ni kama mara sita ya mwingine. Hiyo miaka katikati ndo shamba letu sisi. Nesi anapaka kwenye mlango wa kizazi asidi ya asetiki ya asilimia 3 mpaka 5, siki tu kwa lugha ya nyumbani, anasubiri dakika moja, panapogeuka peupe panatia shaka na mara nyingi panatibiwa hapohapo kwa kuunguza au kugandisha. WHO tangu 2021 wanapendekeza kipimo cha vinasaba vya HPV kiwe cha kwanza, kuanzia miaka 30, na 25 kwa wenye VVU, na uzuri wake mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe chooni na kijiti chenye pamba, hapandi kitanda, havuliwi mbele ya mtu. Lengo la dunia ifikapo 2030 ni 90-70-90, yaani wasichana 90 kwa mia wachanjwe kabla ya miaka 15, wanawake 70 kwa mia wapimwe wakiwa na 35 na tena wakiwa na 45, na 90 kwa mia ya watakaokutwa na tatizo watibiwe. Hiyo ya mwisho watu huisoma haraka haraka. We isome polepole.

Ukipenda kitu cha kwetu pwani kuna kichocho pia, watu wanakiona ugonjwa wa watoto wa kuoga mtoni, kumbe kile cha mkojo kinasababisha kansa ya kibofu, IARC, shirika la utafiti wa kansa la WHO, lililiweka hilo wazi tangu 1994, na kwa wanawake kinaacha mabaka na damu kwenye mlango wa kizazi mpaka asiyejua anadhani kansa. Hapo kuna maswali ya utafiti mengi tu yanasubiri mtu.

Na wanaosema utafiti wetu unaishia kabatini waambie habari ya Mwanza. Tanzania tulianza kuchanja HPV nchi nzima 2018, wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Wakati huohuo Mwanza utafiti unaoitwa DoRIS ulikuwa na wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine dozi moja wengine mbili wengine tatu, kinga ya dozi moja ikaonekana inasimama. Desemba 2022 WHO wakaikubali dozi moja, ushahidi huo ukiwa mmojawapo, na 2024 sisi wenyewe tukahamia dozi moja kwa miaka 9 mpaka 14. Nusu ya chanjo, nusu ya safari za shuleni.

Vibali. Aisee. Proposali inaenda kamati ya maadili ya NIMR, kama kuna mgeni kutoka nje COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, nao wanahusika, ukishapata unakuja kwa Katibu Tawala wa mkoa, anakuandikia kwa Mganga Mkuu wa Mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, na kwenye zahanati mganga mfawidhi, na kila mmoja anataka nakala. Mi nilishawahi kukaa siku tisa nasubiri muhuri mmoja kwenye ofisi fulani kwa sababu mwenye muhuri yuko kikaoni Dodoma na droo kafunga na ufunguo kaondoka nao. Siku tisa timu nzima inakula posho. Kwaiyo ukiandika ratiba muda wa vibali ukadirie alafu uuongeze mara mbili, na usimruke mwenyekiti wa mtaa hata siku moja, barua ya Dodoma haikusaidii kitu kama mwenyekiti kasema hawa siwajui.

Lugha sasa, hapa ndo wasomi wengi wanaanguka na mi nilianguka. Dodoso letu la kwanza lilitafsiriwa na watu wazuri tu ofisini, tukaandika "majibu yako ni chanya". Mama mmoja wa Pongwe nikamsomea hivyo, akainua mikono juu, "Alhamdulillah!" akaanza kufunga kanga aondoke. Kwake chanya ni heri, na ana haki, ndo Kiswahili. Ikabidi nimkalishe chini upya nimwambie mama hapana, kirusi kimeonekana, lakini sio kansa, na ile furaha usoni ikavunjika mbele yangu. Tokea siku ile tunasema "kirusi kimeonekana" au "hakijaonekana" basi. Na "shingo ya kizazi" kuna aliyeshika koo, ndo maana nasema mlango. Dodoso lijaribuni na watu kumi wa mtaani kabla ya kuchapa, sio na wafanyakazi wenzako.

Kalenda nayo. Mwezi wa Ramadhani usipange kupima kwa spekulamu, kile chombo cha kufungulia uke, hapa Tanga, mwanamke aliyefunga hakubali kuingizwa kitu mchana na akili yake timamu, utakaa kituoni na siki yako mpaka adhuhuri hajaja mtu, tumia huo mwezi kuingiza data. Mpimaji awe mwanamke. Uvumi wa kwamba chanjo inafunga kizazi utaukuta na usiujibu kwa dharau, nenda kwa shehe wa mtaa, nenda kwa makungwi, mwanamke wa Tanga kuna mambo ya mwilini alifundishwa na somo wake na hakufundishwa na nesi, kungwi mmoja akikuelewa amekuletea wanawake arobaini.

Simu. Nilimpigia mama majibu, akapokea mwanaume, mi kwa haraka nikasema napiga kuhusu majibu ya kipimo cha mkeo. Kipimo gani? Nikakata. Unaweza kufikiria jioni ile nyumbani kwao ilikuwaje, na yule mama hakurudi tena na simlaumu. Sikuhizi fomu yetu ina maswali matatu, simu hii ni ya nani, nani mwingine anaipokea, na tukipiga tujitaje kama nani, wengine wanasema semeni mnatoka kikoba. Taarifa za afya za mtu zinalindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwaiyo hakuna kutumiana picha za rejista kwenye magrupu, na tableti iwe na nywila, majina yakae faili moja na majibu faili lingine.

Takwimu ntakugusia mambo mawili tu maana ndo yanawaumbua watu. Tuseme kwa mfano una wanawake 1,000 na 20 kati yao ndo wenye mabadiliko ya kweli, kipimo chako kinakamata 80 kwa mia ya wenye tatizo, na kinawasingizia 10 kwa mia ya wazima. Kitakamata 16, na kitawasingizia 98. Umewaita wanawake 114 ukawaambia njooni kuna kitu, na wenye kitu ni 16. Hesabu hiyo ifanye kabla hujaenda mtaani, ujue unahitaji manesi wangapi na hofu kiasi gani unaenda kuigawa.

La pili, wawili wamekaa Raskazone wanasubiri jahazi la Pemba, mmoja ana darubini. Wa darubini kaliona saa nne, mwenzie kaliona saa tano, jahazi limefunga gati saa sita kwa wote wawili. Wa darubini atakwambia tangu nilione limechukua masaa mawili, mwenzie lisaa limoja, lakini jahazi halikuchelewa hata dakika. Ndivyo ilivyo ukisema waliopimwa mapema wanaishi miaka mingi baada ya kuambiwa wana kansa, huenda umewaambia mapema tu na siku ya kifo ni ileile. Korea Kusini walipima tezi za shingo watu wengi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kansa za tezi zikapanda vibaya sana, vifo vikabaki palepale. Kwaiyo angalia vifo, sio miaka tangu kugundulika. Mumbai kule India walifanya hivyo kwa kipimo cha siki, kikifanywa na akina mama wa kawaida waliofundishwa kazi, na matokeo ya 2014 yakaonyesha vifo vya kansa ya mlango wa kizazi vimepungua kwa asilimia 31. Kwa siki hiyohiyo.

Kuhusu hela sikudanganyi, mikataba ni ya miezi sita, mwaka, mradi ukiisha umeisha, na wewe ndo unayebaki mtaani unaulizwa "wale wenzenu wameenda wapi?" Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na miradi mingi iko hivyohivyo. Ukipata nafasi ya kuandika bajeti weka kifungu cha nauli ya Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar, kwa mgonjwa na msindikizaji wake, kwenda na kurudi zaidi ya mara moja, mionzi sio ya siku moja, na weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufatilia waliopewa rufaa kama walifika. Wafadhili huwa wanakifuta hicho kifungu. Kirudishe.

Yule bibi nilimrudia baada ya wiki tatu na jibu la nauli. Akasema haya soma tena, nikasoma, safari hii polepole, akakubali, tukafika kwenye sahihi hajui kuandika na mi sijabeba kidau cha wino wa dole gumba wala sina shahidi, ikabidi aitwe mjukuu wake dukani na tukaazima wino kwa mtendaji. Kwaiyo begi lako liwe na kidau, fomu za ziada, pauwabenki, maji, na kanga moja safi ya kumfunikia mtu.