Kuchagua vipuri vya kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo

Watu wengi huanza kwa kuuliza prosesa gani ni nzuri, ilhali swali la kwanza linapaswa kuwa la skrini. Skrini ya pikseli 3840 kwa 2160 ina pikseli mara nne ya ile ya 1920 kwa 1080, na kila pikseli ni kazi ya kadi ya michoro. Kwa bajeti ndogo, lenga 1920 kwa 1080, kisha vipuri vingine vyote uvichague kwa kufuata uamuzi huo.

Kadi ya michoro ndiyo inayostahili fungu kubwa la fedha, na mimi sioni tatizo ikimeza hata nusu yake. Radeon RX 6600, iliyotoka mwaka 2021 ikiwa na kumbukumbu ya GB 8, bado inaendesha vizuri gemu nyingi katika kiwango hicho cha skrini, tena kwa wati 132 tu. Jihadhari na kadi ambazo unafuu wake una sababu. RX 6500 XT, kwa mfano, huja kwa kawaida na GB 4, na huwasiliana na ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote) kupitia njia 4 za PCIe, mfumo wa kuunganisha kadi na ubao huo, badala ya 16 zilizozoeleka, hivyo ukiichomeka kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 hupungukiwa kasi hasa pale kumbukumbu yake inapojaa. Kadi iliyokwisha kutumika si dhambi kuinunua, mradi uione kwanza ikiendesha gemu nzito kwa angalau robo saa, huku ukisikiliza feni na kutazama kama picha inachezacheza au kuota madoa.

Kwa prosesa, Ryzen 5 5600 yenye viini 6 inatosha, na hata Core i3-12100F yenye viini 4 haitakuaibisha. Herufi F hapo mwisho inamaanisha kwamba prosesa haina uwezo wa michoro ndani yake. Ryzen 5 5600 nayo hali ni hiyo hiyo, ingawa jina lake halikuonyi. Kabla ya kulipia ubao mama, hakikisha soketi inalingana na prosesa (AM4 kwa hiyo Ryzen, LGA1700 kwa hiyo Core), na uulize pia toleo la BIOS (programu ya ndani ya ubao mama inayoiwasha kompyuta), kwa kuwa ubao wa AM4 wa aina ya B450 uliokaa sana dukani huenda usiitambue Ryzen 5 5600 mpaka BIOS isasishwe. Zipo mbao za LGA1700 za RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya kizazi cha DDR4 na nyingine za DDR5, na kijiti cha aina moja hakiingii kwenye tundu la nyingine.

Nunua vijiti viwili vya RAM vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, ili prosesa isome kwa njia mbili kwa pamoja. Ukishaviweka, ingia kwenye BIOS uwashe XMP, mpangilio unaoiwezesha RAM kufikia kasi iliyotangazwa. Usipofanya hivyo, RAM uliyoinunua kwa kasi ya 3200 inaweza kubaki kwenye 2133 au 2400 bila wewe kujua.

Usibane matumizi kwenye pawa saplai, kifaa kinachoipa kompyuta umeme. Niliwahi kufunga moja isiyo na jina, iliyoandikwa wati 600, na kompyuta ikawa inazima kila gemu ilipopamba moto; nilimaliza wiki nzima nikiilaumu kadi. Nembo ya 80 Plus hupima ufanisi wa umeme tu, haithibitishi ubora wa vifaa vya ndani, kwa hiyo tafuta modeli iliyofanyiwa majaribio ya kina. Wati 550 za kweli zinatosha kabisa.

Kwa hifadhi, chukua SSD (hifadhi isiyo na diski inayozunguka) ya aina ya kasi ya NVMe, ya TB 1. Kasha lolote lenye uso wa wavu unaopitisha hewa linafaa, ila pima kwanza urefu wa kadi.

Siku ya kuwasha, chomeka waya wa skrini kwenye kadi ya michoro. Ukiuchomeka kwenye ubao mama, kwa prosesa hizi mbili utaona giza tupu.