Kubadili Sauti ya Amplifaya Kongwe ya Gitaa

Amplifaya ya vali (taa za kioo zinazokuza sauti) iliyoundwa Marekani miaka ya 1960 kwa matumizi ya huko ilitengenezewa umeme wa volti 120 hivi, ilhali soketi zetu hapa Uganda hutoa volti 240. Kabla ya kuwaza sauti, soma kibao kilicho nyuma yake na, ikibidi, uiwekee transfoma ya kushusha umeme.

Chomoa waya ukutani kabla ya kufungua chochote. Kapasita kubwa za kuchuja umeme, yaani vifaa vinavyohifadhi umeme ndani yake, huweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata mashine ikiwa imezimwa, na umeme huo unaua. Zimwage umeme huo kwa rezista (kipingamizi cha umeme) ya kilo-omu 10 ya wati 5, uliyoishika kwa koleo lenye mpini uliokingwa, kati ya ncha chanya na chasisi, yaani fremu ya chuma ya amplifaya, kisha upime. Mimi sigusi kitu mpaka multimita, kifaa cha kupimia volti, ikaribie sifuri.

Badiliko jepesi halihitaji kulehemu: vali ikishapoa, ng'oa vali ya kwanza ya aina ya 12AX7 uweke ya aina ya 12AY7, ambayo hukuza kwa chini ya nusu. Sauti ya gitaa itachelewa kukwaruza unapoiongeza.

Kazi ninayoipenda zaidi iko kwenye kathodi ya vali hiyo, yaani ncha yake inayotoa elektroni. Katika amplifaya nyingi za kampuni ya Fender za miaka hiyo utakuta rezista ya omu 1,500 iendayo kwenye chasisi, na ubavuni mwake kapasita ya mikrofaradi 25, inayoifanya besi ijae. Kwa mpiga gitaa wa bendi ya kanisa, anayesimama karibu na gitaa la besi na ngoma, ujazo huo hugeuka mvumo unaofunika nyuzi nyembamba. Pasha lehemu ya zamani hadi ing'ae na kulegea, inua mguu mmoja tu wa kapasita, uukunje pembeni na kuukinga usiguse kitu, kisha ulehemu mahali pake kapasita ya mikrofaradi 0.68. Sauti za chini, ikiwemo ya uzi mnene wa hezi 82, hazitakuzwa tena kwa nguvu ileile, huku za juu zikibaki karibu kama zilivyokuwa.

Iwashe spika ikiwa imeunganishwa, kwani bila spika transfoma ya kutolea sauti huweza kuungua. Piga wimbo uleule uliopiga kabla ya kuifungua, ukiwa pamoja na bendi nzima. Usipoupenda mlio, mguu uliouinua bado upo wa kurudishia.